Ute wa Kijani: Uchambuzi wa Kisa cha Mlipuko wa Ugonjwa katika Kituo cha Fereti

Kisa hiki kilitokea mashariki mwa Marekani, katika kituo kidogo kinachopokea fereti waliokosa wenyewe, ambako nilifanya kazi ya kujitolea kwa miaka kadhaa. Jina la kituo, mji, mwaka na majina ya wahusika nimeyaondoa, na tarehe nimezigeuza kuwa siku zinazohesabiwa tangu fereti wawili wageni walipopokelewa. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kumwona fereti, lakini yeyote anayetunza wanyama wengi chini ya paa moja, wawe mbwa, paka au sungura, atayatambua makosa yetu haraka, kwa kuwa yalikuwa makosa ya milango, mikono na vyombo.

Usuli

Fereti ni mnyama mwenye mwili mrefu na miguu mifupi, wa ukoo mmoja na kicheche wetu, ambaye Marekani hufugwa ndani ya nyumba kama paka. Jike huwa na uzito wa gramu 600 hadi 1,000 hivi, na dume huweza kufika kilo mbili. Mambo mawili ya mwili wake ndiyo yaliyotawala kisa hiki. La kwanza ni kwamba utumbo wake ni mfupi mno, na chakula humpitia kwa muda wa saa tatu au nne tu, kwa hiyo fereti aliyekosa kula kutwa nzima tayari yumo hatarini. La pili ni kwamba akianza kuzeeka, fereti wa Marekani huandamwa sana na uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini kupita kiasi na kushusha sukari ya damu. Mzee wa namna hiyo akikosa chakula kwa saa chache, hulegea miguu ya nyuma, hutokwa na mate, na asipowahiwa huingia katika degedege.

Kituo chenyewe kilikuwa sehemu ya chini ya nyumba ya kawaida ya mama mmoja aliyekisimamia kwa fedha zake na michango ya watu. Siku mlipuko ulipoonekana kulikuwa na fereti 34. Chumba kikubwa kilikuwa na 22, katika vizimba saba vya ghorofa, sita vyenye fereti watatu na kimoja chenye wanne. Chumba cha wazee kilikuwa na tisa, wote wa miaka mitano na kuendelea, wengi wao wakiwa na maradhi ya kudumu. Chumba cha tatu, kidogo, nyuma ya nyumba, kilikuwa cha karantini na kilikuwa na watatu. Kanuni iliyobandikwa mlangoni ilisema kwamba kila mgeni atakaa humo siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Kanuni ilikuwa njema. Lakini chumba hicho kabla ya kuwa cha karantini kilikuwa cha kufulia, na mashine ya kufulia haikuhamishwa. Matandiko ya nyumba nzima, bembea za kitambaa ambazo fereti hupenda kulalia, taulo na blanketi, yote yalipelekwa karantini kufuliwa, yakakunjwa juu ya meza iliyokuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kizimba cha wageni, kisha yakarudishwa vyumbani. Nilizikunja nguo hizo mwenyewe pengine mara mia, na sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa tatizo.

Mfuatano wa matukio

Siku ya 1, ambayo ilikuwa Jumanne, familia moja ilileta fereti wachanga wawili, wenye umri wa kama majuma 14, ambao walikuwa wamenunuliwa dukani majuma matatu tu kabla ya hapo na mwenye nyumba akakataa wasikae. Walikuwa wazima kwa kila kigezo tulichokijua. Walikuwa wachangamfu, macho yao yalikuwa maangavu, na walikula chakula chao chote. Siku ya 2 kinyesi chao kilikuwa laini kidogo, na kwenye daftari pakaandikwa kuwa ni mabadiliko ya mazingira.

Siku ya 5, Jumamosi, ilikuwa siku ya kukata kucha. Fereti hukatwa kucha kwa hila moja ambayo kila mfugaji anaijua: hupewa kitu kitamu alambe, na ulimi wake unaposhughulika, mtu wa pili hukata haraka haraka. Sisi tulitumia mafuta ya samaki kwenye kijiko. Kijiko kilikuwa kimoja na taulo la kuwashikia lilikuwa moja. Mmoja wa wasaidizi, aliyeona kucha za wale wachanga zinanasa kwenye bembea na kuwaonea huruma, aliwatoa karantini akawaleta mezani. Walikatwa kucha, wakalamba kijiko, wakarudishwa chumbani mwao, na kazi ikaendelea na wengine.

Siku ya 6 fereti mmoja wa chumba kikubwa alikwenda kwa familia mpya iliyokuwa na fereti mzee nyumbani.

Siku ya 8 asubuhi, fereti watano wa chumba kikubwa walionekana wakijikuna midomo kwa mikono ya mbele na kusaga meno, ishara ya kichefuchefu kwa mnyama huyu. Wawili walitapika. Kufikia adhuhuri vyoo vya vizimba viwili vilikuwa na kinyesi cha kijani kibichi, chenye ute mwingi unaovutika kama uji wa bamia. Kwa kuwa gunia jipya la chakula lilikuwa limefunguliwa Jumapili, msimamizi na mimi tulikubaliana kwamba chakula ndicho chenye kosa. Tukabadili chakula, tukasubiri.

Siku ya 9 wagonjwa walikuwa 11, katika vizimba vitano. Jioni hiyo daktari wa wanyama alikuja, na msimamizi akafunga mlango wa kituo: haingii fereti, hatoki fereti, na miadi miwili ya wachukuaji ikafutwa.

Siku ya 10 tulianza usafi mkubwa kwa dawa ya klorini, ile ambayo kwetu Afrika Mashariki huitwa jiki. Katika haraka ile, msaidizi mmoja aliimimina dawa moja kwa moja juu ya sinia za choo zenye mkojo. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa mvuke unaochoma. Watu wawili walitoka nje wakikohoa, na fereti wa vizimba vya karibu walipiga chafya kutwa nzima, jambo lililotutia hofu kwamba kuna ugonjwa wa pili.

Siku ya 11 jike mmoja wa miaka minne wa chumba kikubwa alikutwa amekufa. Usiku uliotangulia alikuwa amelala kwenye rundo la wenzake, kama fereti wanavyolala siku zote, na hakuna aliyekuwa amemwandika kuwa mgonjwa.

Siku ya 13 wazee wawili walianza kuhara. Siku ya 14 maabara ilileta majibu ya kinyesi tulichopeleka siku ya 9: virusi vya korona vya utumbo vya fereti. Wazee wawili walikufa, mmoja siku ya 15 na mwingine siku ya 17. Mgonjwa mpya wa mwisho alipatikana siku ya 19.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa daktari ulikuwa kuondoa hofu iliyo kubwa kuliko zote kabla ya kuzungumzia kuhara. Alimgeuza kila mgonjwa akamtazama kidevu, nyayo na macho, akapima joto, kisha akaomba kadi za chanjo. Alikuwa akitafuta distempa, ugonjwa wa mbwa ambao fereti asiyechanjwa karibu kamwe haponi, na ambao huanza kwa upele kidevuni, matongotongo na nyayo kuwa ngumu. Wanaojua historia ya wanyama hawa hawaichukulii distempa kwa wepesi. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulipiga kundi la mwisho lililojulikana la fereti wa porini wa miguu myeusi, karibu na Meeteetse katika jimbo la Wyoming, na kufikia 1987 walikuwa wamebaki 18 tu, wote wakiwa wamekamatwa ili wazalishwe kizimbani. Fereti wetu walikuwa wamechanjwa, nyayo zilikuwa laini, na macho yalikuwa safi. Daktari akasema kwamba anashuku ugonjwa wa ute wa kijani, ndio huo wa virusi vya korona, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 katika majimbo ya mashariki ya Marekani, na kwamba tuanze kuutibu usiku huohuo bila kungoja maabara. Ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu majibu yalichukua siku tano, na matibabu yenyewe hayategemei jina la kirusi: ni maji, chakula laini, joto, na kulinda utumbo hadi mwili ushinde.

Msimamizi alitaka kuwahamisha wagonjwa wote kwenye vizimba vya peke yao. Daktari alimshauri asifanye hivyo katika chumba kikubwa. Wote 22 walikuwa wamekwisha kushiriki hewa, mikono na kijiko, na kuwahamahamisha kungechafua vizimba ambavyo huenda vilikuwa bado salama, na pia kungewanyima wanyama hawa joto la wenzao wakati wanapolihitaji. Kila kizimba kikahesabiwa kuwa kaya moja, yenye vyombo vyake, kitambaa chake na glavu zake, na hakuna aliyehama kaya.

Wazee nao walitengwa mara moja kutoka kwa wengine wote. Mimi ndiye niliyepewa chumba chao: kuanzia siku ya 10 niliingia kwa mlango wa nje, nikavaa aproni na viatu vilivyokaa humo humo, wala sikukanyaga chumba kikubwa kwa majuma matatu. Nilikuwa na ufagio wangu, bakuli zangu na ndoo yangu. Kitu pekee nilichoendelea kupokea kutoka nje ni matandiko safi.

Jike aliyekufa siku ya 11 alibadilisha namna yetu ya kufanya kazi kuliko agizo lolote. Tulipokaa kuuliza ni vipi hatukumwona, jibu lilikuwa wazi: watatu wanapotumia choo kimoja, huwezi kujua ute ni wa nani, na fereti mgonjwa akijifukia katikati ya wenzake huonekana kama aliyeshiba akalala. Daktari akatuagiza tuache kutegemea macho, tupime uzito. Kuanzia siku hiyo kila fereti alipimwa asubuhi na jioni kwa mizani ya jikoni yenye bakuli la plastiki juu yake. Aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake wa kawaida alipewa maji ya dripu chini ya ngozi, na aliyepungua asilimia 10 alimwona daktari siku hiyohiyo.

Hapa pana jambo dogo ambalo naliona kuwa ndilo lililookoa maisha kuliko dawa. Siku ya kwanza ya upimaji, wasaidizi wawili waliochoka walikosea hesabu ya asilimia kwa fereti watatu. Msimamizi alikaa usiku akaandika kadi ya kila fereti kwa kalamu nene, akaining'iniza mlangoni mwa kizimba. Kadi haikuwa na asilimia hata moja. Ilisema, kwa mfano: kawaida 840, dripu 798, daktari 756. Mtu hata awe hajalala siku mbili anaweza kulinganisha namba ya mizani na namba ya kadi. Tangu hapo hakuna aliyepitwa.

Wasaidizi kadhaa, kwa moyo mwema kabisa, walijitolea kuchukua wagonjwa wakawauguze majumbani mwao ili kupunguza mzigo. Msimamizi alikataa, na alikataa kwa uchungu kwa sababu alikuwa hoi. Ugonjwa huu huambukiza karibu kila fereti anayekutana nao, na kila nyumba ya ziada ingekuwa kituo kipya cha maambukizi. Vilevile alimrudisha nyumbani msaidizi mmoja aliyekuja na mafua akisema si makali. Fereti huambukizwa mafua ya binadamu, tena kwa wepesi kiasi kwamba ni kwa fereti ndipo watafiti wa London walipothibitisha kirusi cha mafua ya watu mwaka 1933. Kuwaongezea mafua wanyama wasiokuwa na nguvu ya kula kungekuwa ukatili.

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa wa simu. Siku ya 9 usiku msimamizi aliorodhesha kila mtu aliyegusa fereti wa kituo tangu siku ya 1 na kila nyumba iliyopokea fereti, akawapigia mmoja mmoja. Familia iliyochukua fereti siku ya 6 ilikuwa tayari na wagonjwa wawili, mmoja wao fereti wao wa miaka saba. Msaidizi mmoja wa siku ya kucha naye alikuwa ameuguliwa na fereti wake wawili nyumbani. Msimamizi hakutafuta visingizio. Alisema kilichotokea, akaomba radhi, akatoa namba ya daktari na kulipa gharama alizoweza. Wote wanne walipona. Baba wa ile familia alikasirika sana, na alikuwa na haki.

Uuguzi wa wazee

Nitaeleza sehemu hii kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyoifanya kwa mikono yangu, na kwa sababu ndipo ugonjwa huu unapoua. Virusi huharibu vijinyweleo vya ukuta wa utumbo ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Fereti mchanga huvirudisha upesi, na mara nyingi haonyeshi ugonjwa hata kidogo. Mzee huchukua majuma au hata miezi. Baada ya ute wa kijani kwisha, kinyesi chake huwa na punje punje kama mtama uliomwagwa, ambazo ni mafuta na chakula kilichopita bila kumeng'enywa. Watu wengi huona kijani kimeondoka wakadhani mgonjwa amepona, ilhali mnyama anakula na kukonda papo hapo.

Wazee sita walipougua, tuliwalisha kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa zamu za watu watatu ambao hawakuwa na fereti majumbani. Chakula kilikuwa nyama ya kuku iliyosagwa laini kabisa, ikalegezwa kwa maji ya vuguvugu hadi ipite kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Bomba huingizwa pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino la chonge, na chakula hutolewa kidogo kidogo. Ukisukuma kwa pupa, kitaingia mapafuni. Kulikuwa na jike mmoja wa miaka saba mwenye uvimbe wa kongosho, mweupe usoni kwa uzee, aliyekataa bomba kabisa lakini akakubali kulamba chakula kwenye kidole changu. Saa tisa za usiku nilikuwa nikikaa sakafuni naye kwa dakika 40 ili amalize gramu 15. Usiku mmoja nilimkuta amelegea, macho yametazama pasipo kuona. Nilimpaka asali kwenye fizi kama daktari alivyonifundisha, na alipoinua kichwa nikamlisha kuku mara moja, maana sukari peke yake huamsha insulini nyingine na kumwangusha tena. Huyo alipona. Waliokufa ni wawili waliokuwa wakila vizuri kuliko yeye mwanzoni: dume mwenye saratani ya tezi ambaye daktari alishauri asiteswe zaidi, akalazwa kwa sindano tukiwa tumemshika, na jike ambaye moyo wake ulikuwa dhaifu.

Maji ya dripu tuliyapasha hadi joto la mwili kwa kuzamisha mfuko kwenye beseni la maji ya moto, kwa sababu maji baridi chini ya ngozi ya mnyama wa gramu 700 humshusha joto lote. Antibiotiki zilitolewa na daktari kwa wale tu waliokuwa na homa au damu kinyesini. Waliobaki wamekonda baada ya mwezi walipewa dawa ya steroidi kwa kiasi kilichopangwa kwa kila mmoja.

Matokeo

Kati ya fereti 34, walioumwa ni 27: 20 wa chumba kikubwa, wazee sita, na dume mmoja aliyekuwa karantini pamoja na wale wachanga. Watatu walikufa. Wachanga wawili wenyewe hawakuugua, ukiacha ile siku moja ya kinyesi laini. Wazee watatu na fereti wawili wa chumba kikubwa hawakuonyesha dalili yoyote.

Kwa kuwa fereti aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwa miezi mingi, kituo kilikaa miezi sita bila kupokea mgeni. Waliotoka katika muda huo walikwenda kwa nyumba zisizo na fereti wengine, au zenye fereti ambao walikwisha kuugua ugonjwa huohuo, na kila mchukuaji alitia sahihi kwamba ameelezwa. Miezi hiyo sita ilikuwa na gharama yake. Watu waliopiga simu wakiomba nafasi walielekezwa kwenye vituo vya mbali, na si wote waliokwenda.

Uchambuzi

Tulipoketi na daktari baada ya mwezi, msimamizi alileta orodha ya siku ya kucha, ambapo majina yalitiwa alama kwa mfuatano wa kukatwa. Waliokatwa kabla ya wale wachanga walikuwa 13, na waliokatwa baada yao walikuwa kumi. Wagonjwa watano wa kwanza, siku ya 8, wote walikuwa miongoni mwa wale kumi, na fereti aliyechukuliwa siku ya 6 naye alikuwa mmoja wao. Ugonjwa huu hujitokeza saa 48 hadi 72 baada ya maambukizi, na kutoka Jumamosi mchana hadi Jumanne asubuhi ni muda huohuo. Kijiko kile kiliwafikia kumi, na vizimba vya pamoja vikamalizia waliobaki.

Ningependa msomaji asimlaumu msaidizi aliyewaleta wale wachanga mezani. Kanuni ya mlangoni ilisema mgeni asichanganywe na wenzake, na yeye hakuwachanganya: aliwakata kucha akawarudisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mgeni asiguse kijiko wala taulo la wenyeji. Karantini yetu ilihesabu siku na ikasahau vitu. Tena fikra zetu zote zilimlenga mgonjwa. Tulijua kumtenga anayekohoa, anayehara, anayelala mno. Hatukuwa na neno hata moja kuhusu mnyama mzima aliyetoka dukani, mahali ambapo wachanga kutoka wafugaji mbalimbali hukusanywa pamoja, ilhali katika ugonjwa huu hasa, mchanga mwenye afya ndiye mbebaji wa kawaida. Swali la mahali fereti alipolala mwezi uliopita lilipaswa kuulizwa mlangoni siku ya 1, kwa uzito uleule wa swali la chanjo.

Siku moja tuliyoipoteza kwa kulaumu chakula ilitugharimu, ingawa si kwa kiasi nilichodhani wakati ule. Chumba kikubwa kilikuwa kimekwisha ambukizwa. Tulichopoteza ni siku moja ya kuwatenga wazee na siku moja ya kuzipigia simu zile nyumba mbili. Dalili ilikuwepo ya kutuonya: chakula kile kilikuwa kimepelekwa vyumba vyote vitatu, na waliougua walikuwa wa chumba kimoja tu.

Kutengwa kwa wazee kulifanikiwa kwa siku tatu, kisha kukavunjika. Nimeirudia njia hiyo hatua kwa hatua na daktari, na inaelekea kwenye matandiko. Maji ya moto na sabuni huviua virusi hivi kwa urahisi, kwa hiyo nguo zilitoka kwenye mashine zikiwa safi. Zikawekwa juu ya meza ya karantini, karibu na wachanga waliokuwa wakitoa virusi, zikakunjwa na mikono iliyotoka kuwahudumia, ndipo zikaletwa kwangu. Siku ya 13 tulianza kutumia fulana kuukuu zilizotolewa na majirani wasiofuga fereti, tukizitumia mara moja na kuzitupa, na wazee watatu kati ya waliokuwa bado wazima hawakuugua.

Kuhusu usafi, tulikuwa na bidii nyingi na utaratibu mchache. Kirusi hiki kina gamba la mafuta ambalo hata sabuni ya kawaida hulivunja. Kinachotakiwa ni kuondoa kinyesi kwanza, kuosha kwa sabuni, kusuuza, ndipo kupaka klorini iliyopunguzwa sehemu moja kwa maji sehemu 32, kuiacha dakika kumi, na kusuuza tena, wanyama wakiwa wamehamishiwa kwenye hewa safi. Klorini juu ya uchafu hupoteza nguvu, na juu ya mkojo inaumiza mapafu.

Upimaji wa uzito ningeuweka mbele ya yote yaliyofanikiwa. Kabla yake tulimpoteza jike ambaye hatukujua hata kuwa anaumwa; baada yake, waliokufa ni wawili ambao tulijua hali yao saa kwa saa na walipata kila kilichowezekana. Kutopeleka wagonjwa majumbani na kusema ukweli kwa simu pia vilifanikiwa, na naamini familia ile iliyokasirika isingerudi kituoni mwaka uliofuata, kama ilivyorudi, laiti ingeligundua ukweli kwa njia nyingine.

Mashine ya kufulia ilihamishiwa ukumbini kwa gharama iliyomlazimu msimamizi kukopa. Karantini sasa ina vyombo vyekundu ambavyo haviruhusiwi kutoka, na mgeni hukatwa kucha humo humo, na mtu mmoja, mwisho wa siku. Mafuta ya samaki hudondoshwa juu ya tumbo la fereti mwenyewe, akajilamba. Wale wachanga wawili walikaa nasi miezi saba, wakachukuliwa wote wawili na mwalimu mmoja asiyekuwa na fereti mwingine, na kadi zao za uzito zikaenda nao.